Nani Anayachenjua Madini ya Chombo cha Angani?

Bunilizi za kisayansi zinazoandikwa na vijana wetu zina ugonjwa, na dalili yake ya kwanza huonekana katika jina la madini. Miswada ya wanafunzi inayopita mezani kwangu imejaa vyombo vya angani vinavyoruka kutoka Dodoma, Kigoma au Bagamoyo, na karibu vyote huendeshwa na jiwe ambalo halimo katika jedwali la elementi. Jiwe hilo ama lilianguka kutoka mbinguni, ama lilifichwa na mababu ndani ya pango. Shujaa hulitwaa, hulitia ndani ya injini, na injini huwaka. Hakuna aliyelichimba. Hakuna aliyelisafisha. Halina bei, halina leseni, halina vumbi wala mshahara.

Nauita ugonjwa kwa sababu hauishii katika riwaya. Mtu aliyezoea hadithi ambamo jiwe lenyewe ni nguvu, akija kuajiriwa serikalini ataandika mpango ambamo jiwe lenyewe ni maendeleo. Mipango ya namna hiyo tunayo, na tunaishangilia. Hoja yangu katika makala haya ni moja, nami nitaitetea kwa mifano ya ardhi yetu wenyewe: kilicho adimu duniani ni ujuzi wa kuyachenjua madini, na taifa linalodhani kwamba uadimu umo ndani ya jiwe litaendelea kuuza mbingu kwa bei ya udongo.

Tumchukue kijana wa Usevya. Nimeichagua Usevya kwa makusudi. Ipo katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, mkoani Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya Wapimbwe, ndani ya Bonde la Rukwa, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Watu wake hulima mahindi na mpunga, hufuga ng'ombe, hurina asali. Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa ni wapi hadithi ya safari za anga haiwezi kuanzia, huenda akataja mahali kama Usevya, ikiwa amewahi kupasikia. Hapo ndipo anapokosea. Kijana wa Usevya akitaka kuandika riwaya ya chombo cha angani, na akitafuta madini adimu ambayo msomaji atayasadiki, yeye yupo karibu na jibu kuliko mwandishi yeyote wa Hollywood.

Na Hollywood ndiyo iliyotufundisha vibaya. Filamu ya Avatar ya mwaka 2009 iliyapa madini yake jina la unobtaniamu, mzaha wa Kiingereza wenye maana ya kitu kisichopatikana. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo vijana wetu waliipokea kama ushindi wao binafsi, ilitupa vibraniamu: kimondo kinaanguka Afrika, na kutokana na kimondo hicho ufalme wa Wakanda unapata mavazi, tiba, treni na vyombo vya kuruka. Naielewa furaha ile. Mtu aliyezoea kuonyeshwa bara lake likiomba msaada lazima afurahi kuliona likikataa msaada. Ila tuitazame filamu hiyo kwa jicho la uchumi. Tunaona mgodi, tena wenye treni za kasi. Hatumwoni mchimbaji anayedai malipo yake. Hatuuoni mto unaopokea maji machafu. Hatuambiwi ni vizazi vingapi vilijaribu kuyeyusha jiwe lile vikashindwa kabla ya kizazi kilichofaulu. Miaka ya kujifunza imefutwa, tumebakiziwa baraka.

Kimondo halisi sisi tunacho. Kipo Mbozi, mkoani Songwe, pande moja la chuma ambalo uzito wake hukadiriwa kufikia tani 16, miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani. Kiasi cha asilimia 90 ya mwili wake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Injini za roketi huhitaji sana aloi za nikeli, kwa kuwa zinavumilia joto ambalo metali nyingi hulegea mbele yake. Kwa hiyo mbingu zilitudondoshea kitu ambacho kweli kinafaa kwa safari ya mbinguni. Kimekaa pale pale, na wageni hupiga picha kando yake. Jiwe lililoanguka kutoka juu, lisipokutana na mikono inayojua, hubaki jiwe.

Mwandishi anayetaka kusadikiwa hana budi kuyauliza madini yake maswali manne. Yanafanya kazi gani ndani ya chombo? Kwa nini ni adimu? Nani anajua kuyachenjua? Na kinabaki nini pale yalipotoka? Mawili ya kwanza ni ya fizikia na kemia. Mawili ya mwisho ni ya siasa. Bunilizi zetu hulijibu la kwanza kwa uchawi, kisha huyaruka matatu yaliyobaki.

Tuanze na heliamu, kwa kuwa imo ndani ya bonde lile lile analoishi kijana wetu. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu moja tu ya Bonde la Rukwa ilikadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo. Uchorongaji ulianza mwaka 2021, na mwanzoni mwa mwaka 2024 gesi ikathibitishwa katika kisima cha Itumbula, upande wa kusini wa bonde, mkoani Songwe. Namna ilivyofika hapo inashinda hadithi nyingi za kubuni. Urani na thoriamu zilizomo ndani ya miamba mikongwe huvunjika polepole mno na kuzaa heliamu, ambayo hubaki imefungwa ndani ya miamba hiyo kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Joto la Bonde la Ufa huja kuipasha miamba na kuifungua gesi, nayo hupanda pamoja na naitrojeni na maji. Ndiyo maana watafiti waliifuatia gesi hii kwenye chemchemi zinazotoa mapovu. Mpimbwe yenyewe ina kata iitwayo Majimoto. Jina linatosha kusema kuna nini chini.

Kazi yake chomboni ni ipi? Roketi inapotumia mafuta yake, tangi hubaki na nafasi tupu, na nafasi hiyo ni lazima ijazwe na gesi inayosukuma mafuta yaliyosalia yaingie kwenye injini. Gesi hiyo isiungue, isichanganyike na mafuta, wala isigande. Hidrojeni ya kimiminika huwa na nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sifuri. Gesi nyingine zote zikikutana na baridi hiyo hugeuka kimiminika au barafu. Heliamu peke yake hubaki gesi, kwa kuwa yenyewe huwa kimiminika ikifika nyuzi 269 chini ya sifuri. Kuipatia mbadala si rahisi. Mwezi Juni 2024 chombo cha Starliner cha kampuni ya Boeing kilivuja heliamu kikiwa safarini kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga, na hitilafu hiyo, pamoja na ya injini zake ndogo za kuongozea, ikawafanya wanaanga wawili waliotumwa kwa siku chache wakae huko hadi Machi 2025. Na kwa nini ni adimu? Kwa sababu ni nyepesi mno. Ikiachiwa, hupanda hadi ukingo wa angahewa na kutoroka duniani moja kwa moja. Hii ndiyo gesi inayosafiri angani bila kuhitaji roketi. Kijana wa Usevya ana nini cha kukopa Wakanda?

Sasa swali la tatu, na hapa ndipo penye maumivu. Heliamu inayotoka ardhini huwa imechanganyika na gesi nyingine, nyingi yake naitrojeni. Kuitenga, kuisafisha mpaka ifae kwa roketi au kwa mashine za MRI za hospitali, kuigandamiza au kuipoza mpaka iwe kimiminika, kuitia ndani ya makontena maalumu na kuifikisha sokoni kabla haijavuja: huo ni mnyororo wa kazi unaohitaji mamia ya mafundi na miaka ya mazoea. Je, vijana wa bonde, kuanzia Mpimbwe hadi Momba, wanaandaliwa kuifanya kazi hiyo, au wanaandaliwa kulinda geti?

Niobiamu ndiyo ya pili. Metali hii, ikichanganywa na hafniamu na titaniamu kidogo, hutoa aloi ambayo imetengenezea mabomba ya kutolea moto ya injini za roketi tangu enzi za vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Huwaka wekundu na haiyeyuki. Sisi tunayo katika kilima cha Panda, karibu na jiji la Mbeya, na imejulikana kuwapo huko tangu wakati wa ukoloni. Wakati sisi tukiijua, Brazili iliichenjua. Huko Araxá, katika jimbo la Minas Gerais, kampuni ya CBMM ilitumia miongo kadhaa kujenga maabara, kutafuta wateja na kuwafundisha watengenezaji wa chuma namna ya kuitumia metali ambayo hapo awali wachache waliihitaji. Leo Brazili hutoa karibu asilimia 90 ya niobiamu yote ya dunia, na huiuza ikiwa imekwisha kuyeyushwa. Naitaja Brazili kwa sababu haikuwa dola kubwa la kiviwanda ilipoanza. Anayesema jambo hilo haliwezekani kwa nchi za kusini mwa dunia aende Araxá kwanza.

Ya tatu ni kundi zima, elementi 17 ziitwazo madini adimu. Jina lenyewe limewapoteza wengi. Mojawapo, seriamu, inakaribiana na shaba kwa wingi wake katika ganda la dunia. Ugumu wake ni kwamba elementi hizi hufanana kitabia kama ndugu wa tumbo moja, na kuzitenganisha hupaswa kufanywa kwa kemikali, hatua baada ya hatua, pengine mamia ya hatua, huku taka zake zikihitaji uangalizi wa miaka mingi. Neodimiamu na prasiodimiamu, ambazo hutengeneza sumaku kali kuliko zote zinazouzwa kwa wingi, zimo katika hazina ya Ngualla, mkoani Songwe. Hakuna chombo cha kisasa cha angani kinachokwepa sumaku za namna hiyo katika mota na vifaa vyake.

Nani anajua kuzitenganisha? China, inayosafisha karibu asilimia 90 ya madini adimu ya dunia. Mwaka 2010 Japani iliuonja uwezo huo ugavi ulipobanwa kwa sababu ya mgogoro wa visiwa; mwezi Aprili 2025 Marekani nayo ikauonja, China ilipoweka vibali vya kusafirisha nje elementi saba miongoni mwake. Na msomaji atafakari jambo hili: Marekani, yenye mgodi mkubwa wa Mountain Pass huko California, yenye roketi, yenye vyuo vikuu vinavyoongoza duniani, kwa miaka ilikuwa ikipeleka makinikia ya mgodi huo China yakachenjuliwe. Mnunuzi wake alikuwa kampuni ya Shenghe. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoinunua mwaka 2025 kampuni ya Peak ya Australia, mwenye hisa nyingi katika mradi wetu wa Ngualla, baada ya kuwa tayari imekubaliana kununua makinikia yatakayotoka hapo. Kama nchi iliyopeleka watu mwezini iliweza kumtegemea mchenjuaji, sisi tunajidanganya kwa kiasi gani tunapodhani kuwa kumiliki kilima kunatosha?

Tantalamu nisiipite, ingawa haitoki kwetu. Hutoka katika koltani, na hutengenezea vihifadhi-umeme vidogo vilivyomo katika simu, setilaiti na vyombo vya angani. Rubaya, huko Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa duniani, na huchimbwa kwa sululu na mabega ya watu. Tangu Aprili 2024 machimbo hayo yamo mikononi mwa waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza namna waasi hao wanavyotoza kodi juu ya kila kinachotoka. Mwandishi anayetaka chombo chake kiwe na kompyuta, basi Rubaya imo ndani ya chombo hicho, apende asipende. Anaweza kuinyamazia, lakini hawezi kuitoa.

Wengine huniambia: mbona hujataja tanzanaiti, fahari yetu, inayopatikana Mererani tu? Tanzanaiti ni jibu zuri kwa swali baya. Ni adimu kweli kweli, na haina kazi yoyote ndani ya injini. Inathibitisha kuwa uadimu bila matumizi hufika mwisho wake kidoleni mwa tajiri. Tena hata hiyo, kwa miongo mingi, thamani yake kubwa ilipatikana Jaipur, India, ilikokatwa na kung'arishwa.

Kijana wa Katavi hana haja ya kwenda mbali ili aone haya yote kwa macho yake. Mwaka 1950 reli ilifika Mpanda kutoka Kaliua. Haikuletwa kwa ajili ya abiria wala kwa ajili ya mahindi. Ilifuata madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals, pamoja na fedha, shaba na dhahabu zilizoandamana nayo. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Muongo mmoja. Reli ilibaki, na tunashukuru kwa kuwa hadi leo inabeba watu na mazao. Lakini kwa kuzingatia swali letu la nne, tuulize: ujuzi gani wa kuchenjua risasi ulibaki Mpanda? Chuo gani kilizaliwa? Ukoloni ulijua kujenga njia ya kutolea. Njia ya kuingizia maarifa haikuwamo katika ramani yake, na sisi tuliorithi ramani hiyo hatujaichora upya.

Shahidi wa pili yupo katika machimbo madogo ya dhahabu, Dirifu, Ibindi na kwingineko karibu na Mpanda. Mchimbaji mdogo husaga mawe, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha hubaki na mchanga uitwao marudio. Ndani ya marudio kuna dhahabu nyingi ambayo zebaki haikuikamata. Mwenye mtambo wa sianidi huyachukua marudio hayo na kuitoa dhahabu iliyobaki. Mchimbaji alishuka shimoni, akahatarisha kifua na mgongo wake, akavuta mvuke wa zebaki. Mwenye mtambo alileta kemia. Muulize mchimbaji yeyote ni nani kati yao aliyejenga nyumba. Uchumi wote wa madini duniani ni hadithi hii ya marudio, ikikuzwa mpaka kimo cha mataifa.

Na shahidi wa tatu ndiye anayeniuma zaidi, kwa kuwa anaonyesha kwamba hatukuwa hivi tangu mwanzo. Juu ya uwanda wa Ufipa, unaolitazama Ziwa Rukwa kutoka magharibi, bado zipo tanuri za udongo ambazo Wafipa waliziita malungu, ndefu kupita kimo cha mtu. Ndani yake udongo wa chuma uliyeyushwa kwa makaa na kwa upepo uliojivuta wenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo hakikuwa tayari. Kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa mara ya pili, ndipo kikaenda kwa mhunzi. Uyeyushaji, usafishaji, ufuaji: mnyororo mzima katika mikono ya watu wale wale. Hakuna aliyesafirisha udongo wa chuma kwenda ng'ambo ili anunue jembe. Kazi hiyo ilififia katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, chuma cha kuletwa kilipoingia na utawala wa kikoloni ulipoivuruga jamii iliyobeba ujuzi huo. Kijana anayetafuta "teknolojia ya mababu" kwa ajili ya riwaya yake asiitafute pangoni. Ipo juu ya uwanda, imesimama, na ilifanya kazi.

Lugha yetu nayo ilifika angani kabla yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahsusi kuchunguza nyota kwa eksirei. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa na warushaji walikuwa Waitalia, bahari ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu. Silidharau tukio hilo. Wanafalaki wanaliheshimu hadi leo. Ninasema tu kwamba mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi: wengine walitoa injini, sisi tukatoa neno. Miaka zaidi ya 50 baadaye, tumeongeza nini juu ya neno lile?

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba bunilizi ni bunilizi, na mwandishi ana uhuru wa kubuni jiwe lolote. Anao. Lakini uhuru wa kubuni haukuwa kamwe uhuru wa kukwepa. Katama Mkangi alipoandika Walenisi, riwaya iliyotoka mwaka 1995, alimsafirisha Dzombo kwa chombo cha angani na hakujali sana injini yake, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki: wale ni sisi. Chombo chake kilibeba hoja. Chombo kinachobeba jiwe la miujiza hubeba nini? Hubeba ahadi kwamba utajiri unaweza kuja bila kazi na bila mapambano, ahadi ile ile tunayohubiriwa na wanasiasa kila gesi inapogunduliwa.

Wa pili watasema kwamba riwaya si jambo la dharura, vijana wanataka ajira. Nawajibu kwamba kila sera huanza ikiwa hadithi. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, ni maandishi kuhusu mwaka ambao haujafika, kuhusu watu ambao wengi wao hawajazaliwa, wakitumia mitambo ambayo haijajengwa. Kwa maana hiyo hata mtumishi wa umma ni mwandishi wa bunilizi ya kisayansi, na tunayo haki ya kumpima kwa kipimo kile kile cha kusadikika. Akiandika "madini ya kimkakati", tumuulize: mkakati wa nani? Akiandika "uongezaji thamani", tumuulize: hatua ya ngapi ya mnyororo, katika wilaya gani, kwa mafundi wangapi, waliofunzwa wapi?

Wa tatu watasema kwamba sheria zipo. Ni kweli. Sheria za mwaka 2017 zilitangaza mamlaka ya wananchi juu ya maliasili, zikaweka hisa za serikali zisizopungua asilimia 16 katika miradi mikubwa ya madini, zikazuia kupeleka malighafi nje kwa ajili ya kuchenjuliwa. Niliziunga mkono na ningali naziunga mkono. Lakini hisa ni karatasi ya kudai faida. Haimfundishi mtu kutenganisha neodimiamu na prasiodimiamu. Na neno "malighafi" lina mlango wa nyuma: jiwe likipondwa na kuchujwa mara moja huitwa makinikia, na makinikia yakipewa kibali hupita bandarini, huku hatua mamia zenye thamani zikingoja upande wa pili wa bahari. Mwenye asilimia 16 ya jiwe na asilimia sifuri ya ujuzi bado ni mchimbaji wa marudio.

Kwa hiyo nina madai matatu. Wanafunzi, andikeni bunilizi zenu kwa Kiswahili, na sura ya katikati ya kila riwaya iwe kiwandani: mtu aliyevaa glavu, tangi la kemikali, kosa lililoharibu kazi ya mwezi mzima, jaribio la mara ya 40 lililofaulu. Hapo ndipo penye msisimko ambao Hollywood imeukimbia. Wanaharakati, msiishie kudai mikataba iwekwe wazi na mrabaha uongezwe. Daini ratiba ya mafunzo iwe kifungu cha leseni, yenye idadi ya mafundi na tarehe, nanyi muifuatilie kama mnavyofuatilia fidia za ardhi. Watumishi wa umma, mnaoandika mipango ya halmashauri na mikoa, angalieni mlichonacho. Mpimbwe ina Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hapo vijana husomea usimamizi wa rasilimali za nyuki. Yaani serikali ilikwisha kukubali kwamba asali ya Katavi inahitaji elimu ya chuo kikuu, isiachwe kuwa masega ya kuuzwa barabarani. Kanuni iliyotumika kwa nyuki haiwezi kushindikana kwa gesi. Maabara ya kemia inayofanya kazi katika shule za sekondari za bonde, kozi ya VETA ya mafundi wa gesi na mitambo ya baridi kali, nafasi za kudumu za vijana wa Katavi, Rukwa na Songwe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya: haya si maono ya mwaka 2050. Ni mistari ya bajeti ya mwaka ujao.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi wana tunao, wamejaa madarasani kuanzia Usevya hadi Mbozi, na bado tumelieleka jiwe, tunalibembeleza, tunalitungia sheria na nyimbo, huku wana wakitembea kwa miguu nyuma yetu. Tulitue jiwe. Tuwabebe wana, na hao wakishakua watalishughulikia jiwe ipasavyo.